Karatasi ya bwawa niliyoweka mara mbili: ya kwanza ilinila pesa, ya pili bado ina maji

Nimekaa na hili bwawa la kuchimba, lililotandazwa karatasi ya plastiki ndani ili maji yasizame ardhini, miaka miwili na ushee sasa na kila wiki lazima mtu asimamishe boda hapo kwa geti aniulize, mama hii karatasi inakaa kweli, si ni pesa mingi, basi acha niandike yote mahali pamoja. Niko Mwala, Machakos. Nina ng'ombe wanne, mbuzi 15, na kipande kidogo cha sukuma na nyanya. Mto wetu ni wa mchanga, ikifika Agosti unachimba mpaka mkono wote unapotea ndio maji ianze kuchuruzika, halafu umpakie punda mitungi minne upande mlima. Hiyo ndiyo ilinisukuma kwa mambo ya bwawa.

Karatasi ya kwanza nilinunua 2021. Ilikuwa nailoni nyeusi, vipande vitatu vimeshikanishwa na gundi, na muuzaji akaniapia ati imetiwa dawa ya jua, itanifikisha miaka kumi. Nikaamini manake bei ilikuwa tamu. Sasa wenye wako huku wanajua vile ilikuwa, tangu mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua ilitukataa misimu mitano mfululizo, kwa hivyo shimo langu likakaa wazi na karatasi imelala juani bila hata ndoo moja ya maji ndani. Kufika mwaka wa pili ukishika ile sehemu ya juu inakatika mkononi kama chapati iliyolala nje usiku kucha. Gundi nayo iliachia peke yake. Tukapata kamvua kidogo Novemba, maji yakaingia jioni, asubuhi nikakuta matope tu na karatasi imefura katikati kama tumbo. Nililia, sitaficha, hiyo pesa ilikuwa ya fahali niliyeuza.

2023 mzee wangu akasema tujaribu mara ya mwisho na tufanye vizuri ama tuache kabisa. Safari hii nikachukua HDPE, ile plastiki nyeusi ngumu, ya unene wa milimita 0.75. Kuna ya 0.5 pia, ni nyepesi na bei nafuu, na kuna ya milimita 1 nzima, ukiwa na mawe mengi ongeza uchukue hiyo, kwangu udongo ni mwekundu na changarawe kidogo tu kwa hivyo 0.75 imenitosha. Shimo ni mita 16 kwa 11 juu, kina mita 2.5, kuta zimelazwa zikashuka polepole mpaka sakafu ya mita 11 kwa 6. Inabeba kama lita 290,000 ikijaa. Karatasi iliingia mita 21 kwa 16, na hapa watu wengi hukosea, wanapima shimo kwa juu wanasahau mteremko wa kuta na ile mita moja ya kuzikwa kila upande, halafu karatasi inafika haitoshi na duka hairudishi. Kwa square mita nililipa shilingi 240 pamoja na kuchomelea. Ukiweka kuchimba upya, fensi na birika la kunyweshea mifugo nilifika karibu 160,000.

Kazi ya vijana waliokuja kuweka nitaisifu, isipokuwa kitu kimoja nitasema huko chini. Walifika saa kumi na mbili asubuhi na jenereta, wakakataa kutandaza jua likiwa kali kwa sababu karatasi nyeusi ikipata joto inanyooka sana, ukiibana hivyo mchana ikipoa usiku inajivuta na kung'oka kule ilikozikwa. Waliiacha na mikunjo kidogo, nikadhani ni uzembe, kumbe ndiyo inavyotakiwa. Pembeni kulichimbwa mtaro wa nusu mita kuzunguka, ncha za karatasi zikazikwa humo na udongo ukashindiliwa juu. Lakini kitu kilinifurahisha kabisa ni mshono. Ile mashine inachoma mistari miwili sambamba inaacha kamfereji kembamba katikati, wanaziba mwisho mmoja, mwisho mwingine wanadunga sindano wanapiga upepo na pampu, halafu mnakaa wote mkiangalia geji. Mshale ukikaa palepale mshono ni mzima, ukianza kushuka kuna mahali panapumua. Mmoja wa mishono yangu ulishuka, wakaurudia bila kuambiwa. Kama fundi wako hana hiyo sindano na geji, mwambie aje siku nyingine akiwa nayo.

Sasa lile lalamiko. Wakati wa kusafisha shimo niliona kisiki cha mgunga kwa ukuta wa upande wa chini, kimekatwa lakini kimebaki kama kidole nje. Nikasema hiki kitolewe. Fundi akasema, "Mama hiyo ni mizizi tu, itaoza yenyewe." Walipiga panga mara mbili wakatia mchanga juu wakaendelea, na mimi nikanyamaza manake jua lilikuwa linapanda. Novemba 2023 zile mvua za El Niño zikaja, bwawa likajaa kwa usiku mbili, nikaimba. Kufika Januari mvua imekatika naona maji yanashuka haraka sana. Kila mtu ananiambia ni jua, ni jua. Nikachukua ndoo, nikaijaza maji, nikaiweka juani ukingoni nikaweka alama ndani yake, na alama nyingine nikaweka kwa mti niliosimamisha bwawani. Baada ya siku tano ndoo imepungua sentimita 3, bwawa limepungua karibu 11, na hizo siku zote mifugo nilikuwa nawanywesha mtoni. Hiyo si jua tena. Nikaacha maji yashuke mpaka yakasimama yenyewe, na pale yaliposimama nikatafuta kwa mkono kuzunguka ukuta wote, nikapata tundu, dogo kama punje ya haragwe, na nyuma yake ncha ya kile kisiki, ngumu na kavu. Haikuoza. Vijana walirudi wakachimba nyuma, wakakitoa, wakachomelea kiraka, lakini walinitoza shilingi 3,000 za usafiri kwa kosa lao wenyewe na hapo ndipo nawatoa nusu nyota. Tangu hiyo siku ndoo na bwawa vinashuka sawa.

Usiwahi kuruhusu ng'ombe kunywa ndani ya bwawa la karatasi. Kwato moja tu inatosha, na ile karatasi ikilowa inateleza, mnyama akiingia hawezi kutoka. Mbuzi wangu mmoja alikufa kwa lile bwawa la kwanza, alikuwa anataka majani ya pembeni tu. Sasa nina fensi ya waya na geti lenye kufuli, na ndani kuna kamba mbili nene zenye mafundo, zimefungwa kwa nguzo juu na zinashuka mpaka majini, ili mtoto ama mtu mzima akiteleza apate kitu cha kushika. Hizo kamba ziligharimu shilingi 800 na ningeziweka hata kabla ya maji kuingia. Maji yanateremka kwa paipu ya inchi moja mpaka birika la saruji mita 30 chini, lina floti, ng'ombe wakinywa linajijaza lenyewe. Hilo birika naliosha kila Jumamosi kwa fagio ngumu, likikaa wiki mbili linaota kijani na ng'ombe wa maziwa anakataa kabisa, anakuangalia tu.

Matope nayo. Maji yangu yanatoka barabara ya murram na yanabeba udongo kama uji. Kabla ya kuingia bwawani yanapitia kishimo cha mita 2 kwa 2 yanatulia, halafu yanavuka juu ya mawe. Zile mvua za 2023 kishimo kilijaa mchanga mara mbili, tukatoa kwa koleo, na huo mchanga ungekuwa sakafuni kwangu. Upande wa pili kuna njia ya kutokea maji yakizidi, imepandwa nyasi na mawe. Jirani hakuweka, ukingo wake ulikatika usiku mmoja. Mbu nilimaliza na tilapia, niliweka vifaranga 100 tu, siwalishi sana.

Kitu hakuna mtu aliniambia ni vile jua linakunywa. Mifugo yangu yote, ng'ombe lita 50 kila mmoja na mbuzi lita 5, inakuja kama lita 275 kwa siku. Bwawa likijaa, siku ya jua na upepo inaondoka milimita 5 hivi, na kwa ule upana wangu hiyo ni karibu lita 900. Yaani jua linakunywa mara tatu ya wanyama wangu wote na halitoi maziwa. Ningejua ningechimba nyembamba na kwenda chini zaidi kidogo. Mwaka jana nimevuta waya juu nikafunika nusu na neti ya kivuli, nusu tu manake pesa iliisha, na tofauti naiona kwa ule mti wa alama. Na siachi bwawa likauke kabisa, sentimita 30 za mwisho zinabaki chini kwa ajili ya karatasi yenyewe, upepo usiiinue na jua lisiichome kama ile ya kwanza.

Karatasi naipa tano kwa tano, walioiweka nawapa nne na nusu. Leo asubuhi mti umesoma mita 1.4, mvua bado wiki sita hivi, na punda anakula nyasi tu hapo nyuma ya nyumba.