Sun City, Arizona: Mstaafu Wetu Anunue Nyumba Huku au Aache?

Karibuni tena watazamaji, na wazee wangu mlio nasi, shikamooni. Leo tunachambua mji mzima wa wastaafu: Sun City, jimbo la Arizona, Marekani, kama kilomita 25 kaskazini-magharibi mwa katikati ya Phoenix. Mmeniuliza habari zake kwa muda mrefu, hasa nyinyi mnaoishi majimbo yenye pango la kutisha, mmekaribia kustaafu, mkipiga hesabu mnaona pensheni ya Social Security inaishia kwa mwenye nyumba. Nitawaambia nani anunue na nani asinunue, maana hii ni hela ya jasho la maisha yote.

Mji huu ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 na mkandarasi Del Webb, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba. Alijenga nyumba tano za mfano, maduka, uwanja wa gofu na ukumbi wa burudani kabla ya kuuza hata nyumba moja, na watu wakafurika. Ujenzi uliendelea mpaka 1978. Shika hapo, kwa sababu ndiyo siri ya kwanza ya bei kuwa ya chini: nyumba nyingi hapa ni za zamani. Dalali atakuonyesha jiko jipya na rangi mpya, lakini wewe uliza paa lilibadilishwa lini, mabomba ni ya chuma au ya kisasa, kiyoyozi kina miaka mingapi. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, usimchukue anayeletwa na muuzaji.

Siri ya pili ni kodi ya serikali. Sun City haina manispaa ya kukutoza. Inahudumiwa na kaunti ya Maricopa. Tena miaka ya 1970 wakazi walipiga kura mara kwa mara kukataa mikopo ya kujengea shule, ambayo ingelipwa kwa kodi zao, hadi mji ukatolewa kwenye wilaya ya shule iliyokuwa jirani. Kwa hiyo kodi ya nyumba unayolipa serikalini iko chini ukilinganisha na mitaa inayouzunguka. Badala yake unalipa ada ya burudani, dola mia kadhaa kwa mwaka kwa kila nyumba, na siku ya kununua unalipa ada nyingine ya mara moja inayofikia maelfu ya dola. Hii ya pili ndiyo inayowashtua watu mezani, wakati wa kusaini. Iulize mapema. Na ukichukua zile nyumba zinazogusana ukuta, kuna ada ya kila mwezi juu yake, ingawa mara nyingi inabeba maji na bima ya nje.

Unapata nini kwa hela hiyo? Vituo saba vya burudani vyenye mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu, karakana ya useremala, vyumba vya kushonea, vya kufinyanga vyungu, hata kuchonga mawe ya thamani. Vilabu vinazidi mia moja. Ukipita mitaani Januari unaona kwa nini watu wanang'ang'ania: ua umemwagwa kokoto badala ya majani, mti wa balungi umelemewa na matunda, na pembeni ya gari kimeegeshwa kigari cha gofu kinachajiwa. Vigari hivi vinaruhusiwa barabarani, watu wanakwenda navyo dukani na kanisani. Na hospitali kubwa ya Banner Boswell imo humo humo mjini, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mabwawa yote saba.

Sasa wazee wangu, sogeeni karibu kwenye simu. Sheria ya mji ni kwamba kila nyumba lazima awemo angalau mtu mmoja mwenye miaka 55 au zaidi. Hilo halina shida. Shida ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 19 haruhusiwi kuishi humo. Anaweza kukutembelea siku 90 tu kwa mwaka. Fikiria familia zetu zinavyoishi. Binti anafanya kazi ya usiku, bibi ndiye anayelea. Mtoto wa kiume ndoa imevunjika, anarudi nyumbani na watoto wawili. Kwetu hilo halihitaji kikao, unafungua mlango. Huku ukifungua mlango unavunja masharti uliyosaini. Na nyumba hiyo mwanao wa miaka 40 anaweza kuirithi, lakini kuhamia peke yake hawezi mpaka afike miaka 55; kabla ya hapo aipangishe kwa mwenye umri huo. Sisemi sheria ni mbaya. Imewekwa wazi, na inaruhusiwa na sheria za nchi. Nasema inakata pale pale panapoishi moyo wa familia ya Kiafrika, na bei ya chini haiwezi kuziba pengo hilo.

Jingine ni joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Kiyoyozi kikiharibika Julai, kwa mtu wa miaka 75 hiyo ni dharura ya hospitali, kwa hiyo tenga fedha za kukibadilisha kabla hujanunua samani. Kuna wenzetu wenye akili wanaofunga nyumba Juni wanakwenda Nairobi au Arusha kwenye baridi, wanarudi Septemba. Mpango mzuri sana kwa raia wa Marekani anayelipwa Social Security, kwani malipo yanamfuata. Ila mwenye kulipwa SSI, ule msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, asithubutu: ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo yanasimama. Na Medicare, bima ya afya ya wazee, kwa kawaida haikutibu ukiwa nje ya nchi, na hata ukiwa Arizona hailipi mtu wa kukuogesha na kukulisha kwa miaka.

Usafiri: treni ya Phoenix haifiki huku, mabasi ni haba, na hata kigari cha gofu kinataka leseni. Watu wa Kiswahili wapo, Phoenix ina Wakongo na Warundi wengi, lakini wako Phoenix kwenyewe. Sun City wakazi walio wengi mno ni Wazungu. Mama mjane asiyeendesha gari, mwenye kuchangamshwa na simu za jirani na ibada ya Kiswahili, simshauri. Atakuwa na nyumba nzuri na upweke mkubwa. Mume na mke wanaoendesha wote wawili, watoto wao wameshajitegemea na wako Phoenix au karibu, hao nawaambia wanunue, tena bila woga.

Kabla ya kusaini, omba hati ya masharti ya umri. Waite wanao wote, hata kwa simu, muisome mstari kwa mstari, kisha uwaulize mbele ya wenzao: likitokea la kutokea, wajukuu watakaa kwa nani?