Uzoefu wangu na PlantUML: kubuni programu ya kazi za mkandarasi mdogo

Nimeitumia PlantUML kubuni programu ya kusimamia kazi za mkandarasi mdogo wa mabomba, umeme na viyoyozi, tangu mchoro wa kwanza hadi programu ilipoanza kutumika kila siku. Naandika kwa ajili ya yule anayekaribia kuanza kazi ya aina hii na anajiuliza kama kuna haja ya kuchora chochote kabla ya kuandika msimbo. Jibu langu ni ndiyo, chora, na chombo hiki kinafaa. Kinafaa hasa kwa sababu kinamwezesha mkandarasi mwenyewe kusahihisha muundo wa programu mbele yako, wakati kuubadilisha bado ni jambo la kufuta mstari mmoja na kuandika mwingine.

Kwa wasioijua, PlantUML ni programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Arnaud Roques mwaka 2009. Huchori kwa kipanya. Unaandika maneno katika faili la kawaida la maandishi, baina ya @startuml na @enduml, nayo inayageuza kuwa picha. Michoro hiyo inafuata UML, lugha ya michoro iliyotokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ambayo OMG, shirika la kimataifa la viwango vya programu, liliipitisha kuwa kiwango mwaka 1997. UML ni pana, na sehemu yake kubwa hutaigusa kwa kazi ya ukubwa huu. Mimi nilihitaji mchoro wa klasi (klasi ni aina ya kitu ndani ya programu, pamoja na taarifa zake na kazi zake), mchoro wa hali (hatua ambazo kitu hupitia), na kidogo tu mchoro wa mfuatano (nani anamwambia nani nini, kwa utaratibu gani).

Hata hivyo hatukuanza na kompyuta. Tulianza na kadi za karatasi, kwa mbinu ya CRC ambayo Kent Beck na Ward Cunningham waliieleza mwaka 1989: juu ya kadi unaandika jina la klasi, kushoto majukumu yake, kulia klasi inazoshirikiana nazo. Kompyuta ikiingia katikati ya mazungumzo mapema mno, watu huacha kusema yanayotokea kazini na kuanza kusema yale wanayodhani kompyuta inayataka. Kadi mtu anaishika mkononi, anaisogeza, anaikata kwa kalamu bila kuomba ruhusa. Zilipotulia ndipo nikaziandika upya katika PlantUML.

Kadi ya Mteja ndiyo iliyozua mjadala mrefu kuliko zote. Mpangaji anapiga simu kwamba bomba linavuja. Nyumba iko mahali fulani. Anayelipa ni mwenye nyumba, na huenda anaishi kwingine kabisa. Ukiyaweka yote haya ndani ya klasi moja yenye jina, simu na anwani, programu itakuwa inatuma ankara kwa asiyehusika na fundi kwenye anwani ya mlipaji. Tukazitenganisha: Mteja ni aliyeomba kazi, Saiti ni mahali kazi inapofanyika, Mlipaji ni anayetumiwa ankara. Mara nyingi wote ni mtu mmoja na anwani moja, na programu inajaza hivyo yenyewe. Ila muundo unaruhusu watofautiane. Faida nyingine ilijitokeza papo hapo: historia ya matengenezo ikawa ya Saiti. Mpangaji akihama, kumbukumbu za hita na pampu za nyumba ile hazihami naye.

Sasa nifike kwenye mchoro wa hali. Kama una muda wa kuchora mchoro mmoja tu, chora huu. Maandishi yake ni mafupi kiasi kwamba hata asiye mwanaprogramu anaweza kuyafuata:

[*] --> Imeombwa
Imeombwa --> Imekadiriwa : fundi amekagua
Imekadiriwa --> Imekubaliwa : mteja amekubali bei
Imekadiriwa --> Imekataliwa
Imekubaliwa --> Imepangwa : tarehe na timu
Imepangwa --> Inaendelea
Inaendelea --> InasubiriVipuri
InasubiriVipuri --> Imepangwa : vipuri vimefika
Inaendelea --> Imekamilika

Mstari wa pili kutoka chini ni wa mkandarasi. Katika rasimu iliyotangulia, kazi iliyokuwa inasubiri vipuri ilirudi moja kwa moja kwenye Inaendelea. Akauangalia mshale ule akasema: "Hapo umeiandika kana kwamba vijana wangu wamekaa saiti wanaingoja pampu. Vijana wameshaondoka, wako kwa mteja mwingine. Pampu ikija lazima nipange siku upya." Nilibadilisha neno moja, picha ikajichora tena, naye akaendelea na mshale uliofuata.

Mshale huo mmoja ulifungua jambo kubwa zaidi. Kama fundi anaondoka na kurudi siku nyingine, basi kazi na kwenda saiti ni vitu viwili tofauti. Kazi ni ahadi kwa mteja: tengeneza hita, kwa bei hii. Ziara ni timu fulani, siku fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na vipuri vilivyotumika siku hiyo. Kazi moja ina ziara moja au nyingi. Katika PlantUML unaandika Kazi "1" *-- "1..*" Ziara. Ile nyota inachorwa kama almasi iliyojazwa rangi, maana yake ziara haina maisha nje ya kazi yake. Fundi nimemuunganisha na ziara kwa herufi o badala ya nyota, yaani almasi tupu, kwa kuwa ziara ikifutwa fundi bado yupo. Na hapo tukagundua kwamba "1..*" haikuwa sahihi: kazi iliyokataliwa baada ya kukadiriwa kwa simu haina ziara hata moja. Ikawa "0..*". Ni kitu kidogo kwenye picha, lakini hifadhidata yenye sharti la angalau ziara moja ingekataa kupokea kila ombi jipya.

Naamini kutenganisha Kazi na Ziara ndiko kulikofanya programu hii ifae. Saa za kazi, mafuta ya gari, vipuri, sahihi ya mteja, picha za kabla na baada, vyote hivyo ni vya Ziara. Bei iliyokubaliwa, arubuni na dhamana ni vya Kazi. Mkandarasi akiuliza kwa nini kazi fulani haikumletea faida, jibu linaonekana: bei ya Kazi moja, gharama za Ziara tatu.

Kuhusu urithi, yaani klasi moja kuchukua sifa na tabia za nyingine, nina msimamo mkali. Mtu anapojifunza kuandika programu kwa klasi na objekti hufundishwa urithi mapema, na kinachomjia haraka hapa ni klasi KaziYaBomba, KaziYaUmeme na KaziYaKiyoyozi zinazorithi kutoka Kazi. Kwenye mchoro inapendeza, mti umesimama sawasawa. Kisha inakuja kazi ya hita ya maji. Hita ina bomba na ina waya. Utaiweka tawi lipi? Sisi hatukurithisha chochote. Kazi ina orodha ya Ujuzi unaohitajika, Fundi ana orodha ya Ujuzi alionao, na kama ujuzi fulani unadai leseni, tarehe ya kuisha kwa leseni iko kwa Fundi. Wakati wa kupanga, programu inaangalia kama timu nzima ya ziara inatimiza orodha ya kazi, kwa sababu si lazima fundi mmoja ajue yote. Mkandarasi akiongeza huduma ya paneli za jua, anaongeza Ujuzi mpya kwenye orodha, na mimi sihitaji kuandika klasi mpya.

Fedha nazo zipewe klasi yake. Namba za desimali za kawaida katika lugha nyingi za programu huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi (sifuri na moja tu), ambao hauwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu, ndiyo maana Python ukiiambia 0.1 + 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Katika ankara yenye mistari mingi, kodi na punguzo, tofauti hizo zinaweza kufanya jumla isiendane na mistari yake. Klasi Fedha inatumia Decimal ya Python, aina ya namba inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, na inaamua mahali pamoja tu jinsi ya kukadiria senti. Halafu kuna bei za vipuri: mstari wa ankara unanakili bei ya siku ile, hauelekezi kwenye orodha ya bei. La sivyo, siku orodha ikipandishwa, ankara zilizolipwa zamani zitaonekana kana kwamba zinadaiwa. Kwenye mchoro nimebandika noti pembeni ya klasi hiyo ili atakayekuja baada yangu asijaribu "kuondoa marudio".

Mchoro wa mfuatano nilichora kwa tukio moja, la kufunga kazi na kutoa ankara, na ulitosha.

Kuhusu chombo chenyewe. Kwa kuwa michoro ni maandishi, inakaa ndani ya Git, chombo cha kutunza historia ya mafaili, pamoja na msimbo, na badiliko linaonekana mstari kwa mstari: hapa "1..*" imekuwa "0..*", tarehe hii, kwa sababu hii. Picha iliyochorwa kwa mkono haikupi hilo. PlantUML inataka Java iwe kwenye kompyuta, na kwa michoro ya klasi na ya hali hutumia Graphviz, programu nyingine, kupanga visanduku. Mpangilio basi hauko mikononi mwako moja kwa moja. Unaweza kuushawishi kwa -left-> au -down->, au kwa kufunga klasi ndani ya together, lakini mchoro ukikua mistari inaanza kupishana na unapoteza muda kuisukuma. Dawa yake ni kugawa: faili moja la wateja na saiti, jingine la kazi na ziara, jingine la fedha. Anayetaka kila kisanduku kikae pale alipokiweka atafurahia zaidi chombo cha kuburuta kwa kipanya.

Jambo la kuwa nalo makini zaidi ni kwamba PlantUML haikagui maana. Ukiandika Zaira badala ya Ziara kwenye mshale, haikuambii kitu. Inaunda klasi mpya tupu inayoitwa Zaira. Zoea kutazama picha yote kila unapoongeza mshale, uone kama kuna kisanduku kigeni. Wala haikuandikii msimbo. Ukishachora, bado klasi zote unaziandika mwenyewe.

Na usiingize majina halisi ya wateja kwenye mifano yako ukitumia seva ya wazi ya PlantUML iliyoko mtandaoni. Seva hiyo huyabana maandishi ya mchoro na kuyaweka ndani ya kiungo chenyewe, kwa hiyo yeyote mwenye kiungo anaweza kuyasoma tena. Programu ikiwa imewekwa kwenye kompyuta yako, kila kitu kinabaki kwako, na inafanya kazi bila intaneti.

Kwa nyota, naipa nne kati ya tano kwa kazi ya ukubwa huu, na iliyopungua ni ya huko kutokagua majina.

Bado naitumia, maana programu inaendelea kukua. Sasa tunaongeza mikataba ya matunzo, ambapo viyoyozi vya saiti vinakaguliwa kwa vipindi vilivyokubaliwa. Mstari nilioongeza ni Mkataba "1" --> "*" Kazi : huzalisha. Swali lililozuka ni hili: mteja akivunja mkataba, kazi ambazo zimeshazalishwa zinakwenda wapi? Mkandarasi amejibu kwamba zenye ziara iliyokwisha kupangiwa timu zibaki hadi yeye mwenyewe ampigie mteja simu, nyingine zifutwe. Jibu hilo liko tayari kwenye noti pembeni ya klasi Mkataba, na msimbo wake ndio ninaouandika sasa.