Kipimo cha presha ya rejeta: kinachoonyesha na kisichoonyesha

Gari kuukuu likianza kuchemsha, watu hubadilisha thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto), kisha pampu ya maji, kisha rejeta, na fedha zinaisha kabla hawajajua maji yanapotelea wapi. Kipimo cha presha, yaani pampu ndogo ya mkono yenye geji na adapta za kufunga mdomo wa rejeta, kinajibu swali hilo moja, na kinalijibu vizuri. Kwa gari linalopunguza maji tunakipa alama za juu. Kwa gari linalochemsha huku maji yamejaa, hapana.

Injini iwe imepoa kabisa. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji huruka na kuunguza uso. Jaza maji, funga adapta, piga pampu mpaka geji ifike namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi bar 0.9 au 1.1. Usizidishe hata kidogo. Rejeta ya zamani yenye matangi ya plastiki inaweza kupasuka kwenye maungio, na hapo umejiongezea tatizo juu ya tatizo. Subiri dakika 15.

Sindano ikishuka, fuata unyevu: mipira ya kupitisha maji na klipu zake, maungio ya rejeta, kitundu kilicho chini ya pampu ya maji (kikitona, sili imekwisha). Papasa pia zulia chini ya dashibodi, maana kirejeta cha hita (kile kidogo kinachopasha joto ndani ya gari) huweza kuvujia ndani bila tone hata moja kuanguka chini ya gari.

Nje kote kukavu na sindano bado inashuka? Shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi yake. Toa plagi zote, kata umeme wa koili na petroli, kaa mbali na matundu, kisha starta ipigwe: silinda iliyoingiwa maji itayatema. Kama hakuna kinachotoka, rudisha plagi, achia presha yote, washa injini ingali baridi huku kipimo kimefungwa. Sindano ikipanda kwa kasi ndani ya dakika ya kwanza, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Zima mara moja. Uthibitisho hutolewa na kipimo kingine, kinachovuta hewa ya mdomo wa rejeta kupitia maji ya bluu, ambayo kwenye injini ya petroli hugeuka manjano yakikutana na gesi hiyo. Punguza kwanza maji ya rejeta yasije yakafyonzwa ndani ya kipimo hicho.

Adapta ya kupimia mfuniko wenyewe ndiyo inayotufurahisha zaidi, na wengi hawaitumii. Presha ikiwa bar 1, maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko wenye springi iliyochoka huachia mapema, maji yakakimbilia tangi la akiba, gari likachemsha ilhali rejeta, pampu na gasketi ni vizima.

Kasoro kubwa ya kipimo cha presha iko kwenye kiungio cha pampu na adapta. Mpira wake ukikauka hupumua, geji inashuka, na injini isiyo na kosa inafunguliwa. Paka maji ya sabuni hapo kabla ya kuamini chochote. Hakikisha pia seti ina adapta ya mdomo wa gari lako. Mfuniko wa kusokota wa tangi la akiba hauingiliani na ule wa rejeta. Geji yenye mistari iliyobanana sana iache dukani.

Feni, thamostati na rejeta iliyoziba ndani hazionekani kwa kipimo hiki. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, kagua feni, rilei na sensa yake. Likichemsha kwenye mwendo mkali au mlimani, rejeta imeziba, au mpira wa chini unanywea. Mpira wa juu ukibaki baridi wakati geji ya dashibodi imepanda na maji yamo, ining'inize thamostati kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake, kwa kawaida 82 au 88. Isipofunguka, badilisha hiyo tu, na kipimo cha presha hukihitaji.