Matembezi ya mahipi Haight-Ashbury: nyota nne

Nilikwenda San Francisco kumsalimia binamu yangu, akanikatia tiketi ya matembezi ya saa mbili kwenye mitaa ya Haight-Ashbury walikokaa mahipi, wale vijana wa miaka ya 1960 waliofuga nywele na kukataa maisha ya kawaida. Mwongozaji, mzee aliyefunga mvi zake mkia hadi mgongoni, alichelewa dakika 20, halafu spika yake ikakoroma mpaka akaizima. Nyota niliyokata ni hiyo.

Ila kusimulia anajua. Pale kwenye bustani ya Panhandle alitusimamisha kwenye nyasi, akatueleza jinsi kundi la Diggers lilivyokuwa likigawa chakula bure hapo mwaka 1966. Unapita kwanza ndani ya fremu kubwa ya mbao, ndipo unapakuliwa mchuzi kwenye bakuli ulilokuja nalo. Akatupitisha mmoja mmoja kwenye fremu ya hewani. Nilicheka, lakini nilipita.

Nyumba namba 710 Ashbury, walimokaa bendi ya roki ya Grateful Dead, mnaiangalia kwa nje tu. Mtaa wa Clayton ndiko ilikofunguliwa zahanati ya bure Juni 1967, vijana walipokuwa wakimiminika jijini bila hela wala pa kulala. Oktoba mwaka huohuo mahipi wenyewe wakabeba jeneza mtaani, wakamzika "hipi" kwa mfano tu, kuonyesha kwamba enzi yao imekwisha. Hilo ndilo lililonikaa kichwani.

Mwisho mnaachwa Haight Street, kwenye maduka ya nguo za zamani. Jinzi iliyochanika magotini, dola 90! Jamani, si mitumba hiyo? Soko la Karume, Dar es Salaam, ningerudishiwa chenji.

Vaeni sweta hata kama ni Julai. Ule ukungu si mchezo.