TAHADHARI: Tenshena kuukuu zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya hapa Mwanza

Wakuu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, hasa mnaojifungia spea wenyewe nyumbani, naomba mnisome kabla hamjatoa hela.

Nina RAV4 ya injini ya 1ZZ. Ilianza kulia kama filimbi kila nikiiwasha asubuhi, na nilipofungua boneti nikaona mkono wa tenshena, kile kifaa kinachokaza mkanda wa injini, unatetemeka. Duka moja la spea mjini, linalojitangaza sana WhatsApp, likaniambia feni belti (mkanda huo) na tenshena ni 140,000, "mpya, orijino kutoka Japani". Nikalipa kwa simu, bodaboda akaniletea Nyegezi. Boksi safi, stika inang'aa.

Mkanda wenyewe si kazi: piga picha jinsi ulivyopita kwenye puli, legeza tenshena kwa spana, utoe. Tenshena ndiyo ilinitoa jasho, nafasi ni finyu, ikabidi niinyanyue injini kidogo kwa jeki na kipande cha ubao. Mlio ukaisha, nikashukuru.

Siku ya kumi na mbili nampeleka mama msibani Sengerema. Tumepita Usagara tu, taa ya betri ikawaka na usukani ukawa mzito ghafla. Mkanda huo mmoja ndio unaozungusha altaneta (inayochaji betri), pampu ya usukani na pampu ya maji, kwa hiyo mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikazima palepale. Ningesogea hata kilomita chache ningeunguza gasketi ya silinda hedi. Tulifika watu wanatoka makaburini. Mama hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumbani nikaitoa tenshena. Beringi ya puli imekwama, mkanda umechanika. Nikakwangua tenshena kwa ukucha: rangi ya fedha ikabanduka, chini yake mafuta meusi yaliyoganda. Kuzunguka tundu la bolti kuna alama ya duara ya bolti iliyowahi kukazwa siku nyingi. Maandishi ya mkanda nikayasugua kwa kitambaa chenye petroli, yakafutika, kukabaki kivuli cha namba nyingine.

Muuzaji akanijibu nimefunga vibaya, na kwamba bidhaa ikishafungwa hairudi. Risiti aliyonipa ni ya mkono, si ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Kosa hilo la risiti ni langu, niliona nikanyamaza.

Kwa hiyo ukinunua, usiishie kwenye boksi. Toa tenshena, zungusha puli kwa kidole: inatakiwa izunguke kimya, yenye ukinzani kidogo. Ikizunguka kwa mlio wa mchanga, au ikiyumba, rudisha. Angalia tundu la bolti na kichwa cha bolti kama kimeliwa na spana. Kwenye mkanda, 6PK1200 maana yake mistari sita na urefu wa milimita 1200. Hesabu mistari, linganisha na wako wa zamani. Na dai risiti ya EFD, ukinyimwa ondoka.

Tenshena, mkanda, boksi na ujumbe wote wa WhatsApp nimevitunza, navipeleka Tume ya Ushindani (FCC). Jina la duka silitaji hapa mpaka wao waangalie. Kama na wewe umeuziwa tenshena ya kupakwa rangi hapa mjini, usiitupe. Nitafute inbox twende pamoja.