Nilipanga kila kitu, isipokuwa yule dada wa kaunta

Nyota mbili kwa shirika la ndege lililonipeleka Ulaya. Juzi zilikuwa tatu, kwa ajili ya wahudumu wa ndani ya ndege, ambao sina neno baya juu yao. Kisha nikapokea barua pepe ya kitengo chao cha madai, nikaisoma nikiwa kwenye daladala, na hizo mbili mnazoziona ni za huruma tu. Jina la shirika nalihifadhi kwa sasa. Dai langu bado liko mezani kwao na sitaki wapate pa kunishikia.

Watu huniuliza, kwani lazima usafiri Julai? Ndiyo, lazima. Kahawa ya Mbinga huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na mnunuzi wa Hamburg, Ujerumani, anataka kuonja sampuli za mwanzo wa msimu kabla hajaweka oda. Ukimwambia mkutane Agosti atakushangaa: Agosti ofisi nyingi za huko zimebaki na mashine za kujibu simu, wenyewe wako ufukweni. Basi unakwenda Julai, mwezi ambao huku Dar ni kipupwe na watu wako Sabasaba wanakula mishikaki, na kule kila familia yenye mtoto wa shule imehamia uwanja wa ndege na mabegi yake. Wewe wa biashara unapenya katikati yao na laptopu yako.

Kwa hiyo nilipanga. Jamani, nilipanga! Viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unaruhusiwa kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Mimi niliiomba mapema mpaka mume wangu akaniuliza kama nahama. Bima ya yuro 30,000 wanayoitaka, ninayo. Tiketi nilikata moja, safari nzima ndani ya namba moja, maana nimeona wanaokata vipande viwili ili waokoe laki mbili, kipande cha kwanza kikichelewa wanabaki yatima. Sampuli nilizibeba begi la mkononi, kila mfuko na lebo yake, pamoja na barua ya kueleza kwamba ni kahawa iliyokobolewa na si kitu kingine. Kikao nikakiweka siku inayofuata, si siku ya kufika. Mlitaka nipange nini tena?

Muda wa kuunganisha ndege ulikuwa saa moja na dakika kidogo. Sikuutunga mimi, tovuti yao wenyewe ndiyo iliyoniuzia. Sasa, kwa asiyejua: ukiingia Schengen ukitokea kwetu, pasi inakaguliwa kwenye uwanja wa kwanza unaoukanyaga, si kule unakoishia. Ina maana ndani ya saa hiyo ushuke, utembee, upange foleni ya uhamiaji, begi likaguliwe upya, kisha ukimbilie geti lililo mwisho wa dunia. Februari inawezekana. Julai ni kamari, na wanaijua, kwa sababu ndege ni zao na foleni wanaiona kila mwaka. Tena mimi nilipita enzi za kugonga muhuri tu. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa mashine mpakani, na picha ya uso juu yake. Mtakaopita na watoto, mjiandae kusimama.

Dar tukachelewa kuondoka. Rubani akaeleza kwa upole kwamba kuna kifaa kinabadilishwa. Kibadilishwe, nani anataka kuruka na kifaa kibovu? Wahudumu walitupitishia maji na karanga, na mmoja, nilipomweleza wasiwasi wangu, akanihamishia siti za mbele tulipokaribia kutua ili niwahi mlango. Huyo angekuwa meneja, nisingekuwa naandika haya. Tukatua, nikakimbia na kahawa yangu begani, nikakuta foleni ya pasi imejikunja na kujikunja, vidirisha vinavyofanya kazi ni viwili. Nilipofika getini ndege ilikuwa bado ipo, naiona kupitia kioo, ila mlango umefungwa.

Hayo yote nimesamehe. Kweli kabisa, ndege kuchelewa ni jambo la kawaida.

Nisichoweza kukimeza ni kaunta ya waliokosa ndege. Nilisimama pale mpaka miguu ikavimba. Zamu yangu ilipofika nikamkuta dada mmoja, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikamsalimia. Kimya. Mimi nimelelewa Songea, mtu asiponijibu salamu nahisi nimemkosea, kwa hiyo nikarudia. Akanyoosha mkono bila kuinua macho, akachukua pasi yangu, akabofyabofya, akasema: kesho kutwa jioni. Nikamwambia nina kikao kesho. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema hii ni Julai, mama, na watu wa biashara wanatakiwa kupanga safari zao vizuri.

Kupanga. Ananiambia mimi!

Nikanyamaza, nikauliza hoteli. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, kama nina uhakika viza yangu inaniruhusu kutoka nje ya uwanja. Nikamfunulia ukurasa. Dada, nimeshaingia, wenzako wamenigongea muhuri sasa hivi, wino haujakauka. Akaigeuzageuza pasi, akamwita mwenzake, wakasemezana kwa lugha yao, mwenzake akacheka. Labda walicheka yao. Labda. Mwishowe akanisukumia karatasi yenye msimbo wa QR, eti hoteli nitajitafutia humo, na vocha ya chakula iliyotosha sandwichi na chupa ya maji. Muuza kahawa, nimebeba kahawa, na kikombe cha kahawa sina uwezo nacho.

Halafu kuna bwana mmoja aliyekuwa nyuma yangu, shati la bluu, amekosa ndege ileile. Yeye alipata siti ya jioni hiyohiyo. Nilisikia kwa masikio yangu. Inawezekana ana kadi yao ya dhahabu, na wenye kadi hutangulizwa, si siri. Inawezekana pia sababu ni nyingine. Nimeligeuza hili kichwani kila upande na bado sijaamua.

Sikwenda kutafuta hoteli. Nilitembea tu, na mbele kidogo kwenye geti tupu nikamwona mzee wa shirika hilohilo, mvi kichwa kizima, anafungasha vitu vyake amalize zamu. Nikasalimia, akaitikia. Sikutaka kulia lakini sauti ilikuwa imeshaanza kukatika. Akawasha kompyuta upya. Akanizungusha kupitia mji mwingine kwa ndege ya shirika rafiki, alfajiri, akapiga simu nikapewa chumba. Muda wote huo haukuzidi wa kunywa chai. Mfumo ni uleule, Julai ni ileile, na siti zilikuwepo! Ndiyo maana nilitaka kusema hasira yangu ni ya mtu mmoja, si ya shirika. Lakini hapana, ni ya shirika. Nani amemkalisha yule dada kwenye kiti kile?

Hamburg nilifika macho mekundu, mnunuzi akawa muungwana akasogeza kikao hadi mchana. Alionja, alisifu, akaagiza kidogo kuliko tulivyozungumza kwa simu. Siwezi kuwalaumu kwa hilo. Nawalaumu hivyohivyo.

Sasa hiyo barua pepe. Sheria namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamlinda hata abiria anayeondokea Dar, mradi shirika ni la Ulaya na anakwenda Ulaya. Safari inayozidi kilomita 3,500, ukifika mwisho wa tiketi umechelewa saa 4 au zaidi na sababu iko upande wao, fidia ni yuro 600. Chakula na hoteli wakati wa kusubiri ni haki yako, hupewi kwa hisani. Niliandika hayo yote, nikaambatanisha na kadi za kupandia, ambazo nawaombeni msizitupe hata zikichakaa. Wamejibu kwamba kilichotokea ni "hali isiyo ya kawaida", maneno ya kukwepea fidia. Kifaa kibovu! Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishatamka tangu 2008 kwamba hitilafu ya kiufundi ya ndege, kwa kawaida, haiingii kwenye kisingizio hicho. Na mwisho wa barua, chini ya salamu za heri, wameongeza sentensi moja: safari ijayo wananishauri nipange muda wa kutosha wa kuunganisha ndege.

Niliteremka daladala kituo kimoja kabla ya changu ili nitembee hasira ishuke. Jibu nimeshawaandikia, na kesi ya 2008 nimewatajia, na nikikataliwa tena kuna mamlaka za nchi zao za kupeleka lalamiko.

Safari ya Julai ijayo nimemwachia wakala wa tiketi hapa Posta. Amepitia bei zote, na walio rahisi ni haohao, kwa tofauti ambayo siwezi kujifanya siioni. Nimemwambia akate, kwa sharti kuunganisha kusipungue saa tatu. Amenirudia leo: yenye saa tatu imebaki moja, inapitia uwanja uleule. Akate hiyohiyo.