Van Gogh Museum Amsterdam: msiende kwa ajili ya Alizeti tu

Wadau mnaokuja Uholanzi, na nyie mnaoishi huku ila hamjawahi kuingia, naomba niongelee hii makumbusho maana watu wengi ninaowauliza wananiambia "nimeiona ile ya maua ya alizeti, nikapiga raundi moja nikatoka". Jamani. Alizeti ni picha moja tu, mle ndani kuna picha za rangi za mchoraji Vincent van Gogh zaidi ya 200, michoro kama 500 na barua zaidi ya 700, hakuna sehemu nyingine duniani yenye kazi zake nyingi kiasi hicho, na kilichonikamata mimi ni kwamba nyingi zimepangwa kufuata miaka, yani unapanda ghorofa huku unaona mkono wa mtu unavyobadilika.

Mambo ya kawaida haraka haraka. Tiketi inanunuliwa onlaini kabla, unachagua na saa ya kuingia, usije ukasafiri ukitegemea kununua mlangoni. Chini ya miaka 18 ni bure. Kutoka stesheni kuu panda tramu namba 2 au 12, shuka Museumplein. Chukua ile saa tatu asubuhi wanapofungua, baadaye watu wanajaa na kuna picha ndogo ambazo bila kuzisogelea hupati kitu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Huyu jamaa aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, akafariki Julai 1890 akiwa na 37. Miaka kumi! Na ukimuona anavyoanza huwezi kuamini ni mtu yuleyule. Ile picha ya Wala Viazi (yaani watu wanaokula viazi) ya 1885, alipokuwa kijiji cha Nuenen huku Uholanzi, ni giza tupu, familia ya wakulima imekaa chini ya taa moja, vidole vimekakamaa, nyuso rangi ya udongo. Alifanya makusudi, alitaka wafanane na viazi vyenye vumbi ambavyo havijamenywa, na kabla ya hapo alishachora vichwa vya wakulima vingi sana kama mazoezi. Rafiki yake mchoraji Van Rappard aliiponda vibaya mpaka urafiki ukaingia doa. Mimi naipenda sana na nawaomba msiipite. Lakini mkiwa pale jiulizeni huyu mtu alikuwa anamuangalia nani, jibu ni Millet, Mfaransa aliyechora wakulima kwa heshima kubwa, na hao Waholanzi wa zamani akina Rembrandt na Frans Hals wenye vile vivuli vyao vizito.

Halafu 1886 anaenda Paris kukaa na mdogo wake Theo aliyekuwa anauza picha, na hapo kila kitu kinageuka. Theo alishamwambia picha zako ni nyeusi mno, watu huku wanapaka rangi angavu, ila kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Akaona kazi za Waimpreshonisti, hao wachoraji wa rangi angavu na mwanga, akakutana na wachoraji akina Toulouse-Lautrec, Émile Bernard, Pissarro, akazoeana na Signac ambaye yeye na Seurat walikuwa wanapaka vidoti vidoti vya rangi safi ili jicho la mtazamaji ndo lizichanganye. Angalia ile picha aliyojichora mwenyewe na kofia ya kijivu, ya 1887: ameichukua ile mbinu ya vidoti ila mkono wake umekataa kutulia, vidoti vimekuwa mistari mifupi inayozunguka kichwa, chungwa juu ya bluu, nyekundu juu ya kijani. Alijichora sana Paris kwa sababu hela ya kumlipa mtu akae achorwe hakuwa nayo. Na kuna kijisanduku chekundu chenye vidonge vya nyuzi za sufu, ukikikuta kimewekwa usikidharau, inasemekana alikuwa anasokota nyuzi za rangi mbili pamoja aone zinavyopatana. Yani ule moto wote wa rangi ambao watu wanasema ni wazimu, mtu alikaa chini akaufanyia hesabu.

Na Wajapani sasa! Japani ilipofungua biashara na nchi za nje miaka ya 1850, picha zao za kuchapwa kwa vibao vya mbao zilimwagika Ulaya, zilikuwa rahisi, na Vincent na Theo walinunua kwa mamia. Mwaka 1887 alikopi waziwazi picha mbili za Mjapani Hiroshige, mti wa plamu uliochanua na daraja kwenye mvua, tena akaongeza fremu za maandishi ya Kijapani aliyoyatoa kwenye picha nyingine. Zote mbili ni za makumbusho hii. Simameni mbele ya ile ya mti: shina kubwa limekatiza mbele kabisa, limekatwa na ukingo wa picha, nyuma huko watu wadogo wadogo, hakuna kivuli, rangi imelala bapa. Mchoraji wa Ulaya aliyefundishwa shule asingethubutu kuweka kizuizi namna hiyo mbele ya macho ya mtu.

Ukishaitazama hiyo, nenda katafute Mpanzi ya Novemba 1888. Ni ndogo, sentimita 32 kwa 40 hivi, watu wanaipita kwa sababu haipo kwenye mifuko na vikombe vya dukani kama zile maarufu. Hii ndo picha yangu namba moja mle ndani na naweza kubishana na yeyote. Yule mtu anayetembea akimwaga mbegu ni wa Millet, Vincent alikuwa anamchora tangu alipoanza. Ule mti uliokatiza mshazari mbele ni wa Hiroshige. Jua kubwa la njano nyuma ya kichwa cha mkulima limekaa kama duara la watakatifu kwenye picha za kanisani. Mfaransa, Mjapani na mambo ya dini aliyokulia nayo kama mtoto wa mchungaji, vyote ndani ya kipande kidogo vile, na bado ukiiona unasema huyu ni Van Gogh, hawezi kuwa mwingine. Mtu anayeniambia kuiga kunaua kipaji nampeleka mbele ya picha hii.

Za Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa alikohamia 1888, mnazijua, Chumba cha Kulala, Alizeti (hii ya Amsterdam ni ya Januari 1889, alirudia mwenyewe ile ya Agosti 1888 iliyoko London). Kitu kimoja tu: rangi mnazoziona zimebadilika. Kuta za kile chumba zilikuwa zambarau, ule wekundu ulififia zikabaki bluu, na njano yake nayo inakolea ukahawia taratibu, ndo maana taa za mle ni hafifu na Alizeti yao waliamua 2019 kwamba haisafiri tena. Mchoraji mwenzake Gauguin alikuja kukaa naye pale Arles, akamsukuma achore kutoka kichwani badala ya kuangalia, wakagombana, na Desemba 1888 Vincent akajikata sikio. Mimi kile kisa cha sikio kimenichosha kwa sababu kinameza kazi.

Alipolazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, Ufaransa, alirudi tena kwa Millet, alikuwa na picha za kuchapwa nyeusi na nyeupe akawa anaziwekea rangi zake, na alimwandikia Theo akajifananisha na mwanamuziki anayepiga utunzi wa mtu mwingine. Halafu Mlozi Uliochanua, Februari 1890, zawadi kwa mtoto wa Theo aliyezaliwa mwezi uliotangulia. Matawi juu ya anga, Japani imeshakuwa damu yake.

Huyo mtoto ndo sababu makumbusho ipo. Theo alifariki miezi sita tu baada ya kaka yake, mkewe Jo akabaki na mtoto mchanga na mamia ya picha ambazo wengi waliona hazina thamani. Hakuzitupa. Alizionyesha, akauza baadhi kwa akili, akachapisha barua 1914, na mtoto alipokuwa mtu mzima akahakikisha mkusanyiko haugawanyiki mpaka jengo likafunguliwa 1973. Sehemu inayoeleza habari za Jo wengi wanaivuka mbio, mi nawaomba mkae.

Juu kabisa kuna waliokuja baada yake. Maonyesho ya Paris ya 1901 yaliwapagawisha wachoraji vijana akina Vlaminck na Matisse, na wale wa Dresden, Ujerumani, akina Kirchner nao waliziona picha zake 1905, rangi ikaacha kabisa kufuata vitu vilivyo.

Nyota tano. Ila ile ya usiku wenye nyota zinazozunguka haipo, iko New York, msije mkasumbua walinzi kuiulizia. Na kabla hamjaja someni barua zake, zote zipo bure mtandaoni kwa Kiingereza, anzeni na za 1888, anaeleza picha alizokuwa anachora wiki hiyohiyo rangi kwa rangi.